Mwamba Usio na Maji

Safari nzima ilinigharimu shilingi elfu ishirini na saba, mia tatu na hamsini. Nimehesabu mara mbili, ya pili nikianzia chini kwenda juu, na haikupungua hata senti. Kwa fedha hizo watu sita tulikwenda kutazama mawe. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nilipunjwa. Aliyepanga ni mimi, aliyepatana bei ni mimi, na mawe tuliyaona, meusi na mengi kuliko tulivyoahidiwa.

Mimi nauza viatu vya mitumba Ukunda. Nyumbani ni Bongwe, ambako nina vyumba viwili vya kupangisha. Kimoja kina mpangaji na kingine kinavuja. Mama yangu anakaa Msambweni, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe kwa pweza. Kila bamvua, zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo bahari hupwa mpaka mbali, yeye na wenzake hushuka mwambani na fimbo zao kuchokoa pweza kwenye mashimo. Siku za maji mafu, bahari isipopwa vya kutosha, hukaa barazani akasuka ukili wa mikeka. Ameishi hivyo tangu kabla sijazaliwa. Ukiniuliza kuhusu mabati ya nyumba ile, nitakuonyesha yapi yalitoka kwa pweza wakubwa na yapi kwa pweza wa kuungaunga.

Mwaka jana aliteleza huko mwambani akaumia goti la kulia. Wenzake walimsaidia kukongoja mpaka ufukweni, maji yakiwa yameshaanza kurudi, na njiani wakakubaliana kwamba sisi watoto tusiambiwe. Siri ilivuja kwa sababu goti lilivimba. Daktari alimwambia aachane na mwamba. Mama akajibu, "Nimesikia, daktari," na kwa kweli alisikia, maana bamvua iliyofuata alishuka taratibu.

Tangu hapo, kila baada ya wiki mbili, mimi na yeye tulikuwa na ugomvi wetu wa kawaida.

"Mama, maji yakirudi na goti likagoma, itakuwaje?"

"Likigoma nitalibembeleza."

"Na lisipobembelezeka?"

"Wewe ulikuwa hubembelezeki, na leo una mke."

Basi Jumapili moja Mama alikuwa kwangu Bongwe, tumekaa uani baada ya chakula, na mpangaji wangu akatoka chumbani na simu. Huyu bwana anatandika vitanda katika hoteli moja huko Diani, na kwao ni bara, upande wa Kibwezi, chini ya vilima vya Chyulu. Ni mtu mzuri. Hulipa kodi tarehe tano, kisha huomba arudishiwe kidogo tarehe kumi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Cheki hii, mama. Hapa ndio kwetu."

Mama aliishika simu mbali na macho, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Picha ilikuwa ya uwanda wa mawe meusi yaliyochongoka, mti mmoja katikati, na nyuma yake kilima kifupi kilichokatika kichwa.

"Mwamba," akasema Mama. "Maji yamepwa."

"Si wa baharini, nyanya," akadakia binti yangu mkubwa, ambaye ana miaka kumi na mmoja na hajui kuacha jambo lipite. "Ni volkeno. Moto ulitoka chini ya ardhi ukamwagika kama uji, halafu ukaganda."

"Nani aliuona?"

"Mwalimu alisema."

"Mwalimu wako alikuwapo?"

Mpangaji akacheka, akasema pale ni pa kutembea tu, hata watoto wa nasari huenda, ni rahisi sana. Na mimi, ambaye ningeweza kunyamaza na kumalizia chungwa langu, nikasema, "Rahisi kwa mwenye magoti."

Maneno manne. Ukigawanya zile fedha nilizotaja mwanzo, kila neno lilinilia karibu elfu saba.

Mama aliirudisha simu mezani polepole. "Haya," akasema. "Twende huko. Nikitembea kwa miguu yangu, kuanzia gari lisimamapo mpaka hapa," na akaweka kidole juu ya picha, "na kurudi, bila kushikwa mkono na mtu, mtaninyamazia?"

"Tutakunyamazia."

"Wewe na mkeo?"

"Mimi na mke wangu."

"Goti hamtalitaja tena?"

"Hatutalitaja. Na ukishindwa?"

"Nikishindwa, fimbo yangu nakupa wewe uiuze pamoja na viatu vyako. Nitasuka ukili bamvua na maji mafu."

Tukapeana mikono mbele ya mashahidi. Katika biashara yangu mtu hakubali bei kabla ya kukishika kiatu, akakikunja na kukitia mkono ndani. Mimi nilikubali kabla hata ya kuuliza ni umbali gani. Jambo jingine nililiona mkono ulipokuwa umeshatolewa: kidole cha Mama ni kinene, na pale kwenye picha kilikuwa kimeufunika mti na kilima kwa pamoja.

Kupanga nilipanga mimi, kwa sababu hakuna mwingine nyumbani ninayemwamini kwa bei. Nilipata gari la watu saba kwa siku mbili, mpangaji aendeshe kwa kuwa ana leseni, nasi tulale kwa mamake. Shule zilikuwa zimefungwa. Gari lilikuwa nafuu katikati ya wiki, basi nikachagua Jumanne na Jumatano, nikampigia Mama simu.

"Jumanne hiyo ni mwezi ngapi?"

Nikamtajia tarehe.

"Sikuulizi ya kalenda ya ukutani. Mwezi wa juu."

Nikahesabu, nikarudia. "Kumi na nne."

"Basi hiyo ni bamvua. Siwezi."

"Mama, tunakwenda nyika kavu. Kule hakuna bahari hata ya kunawia."

"Kule hakuna. Huku ipo, na haitaningoja."

Ikanibidi kusogeza safari wiki nzima, mpaka mwezi ulipopungua na maji yakawa mafu. Mwenye gari alitaka kujua sababu.

"Ni maji," nikamwambia.

"Mvua?"

"Bahari."

"Si ulisema mnakwenda Kibwezi?"

"Ndiyo."

Nadhani alichukulia kuwa hiyo ni mbinu mpya ya kupatana bei, maana alipunguza mia tano papo hapo. Sikuona haja ya kumsahihisha.

Kilichobaki kilikuwa umbali. Mpangaji kila nilipomuuliza alijibu, "Ni hapo tu, bosi." Nimekaa na watu wa bara vya kutosha kujua kwamba "hapo tu" yao ng'ombe hufika amekonda. Nikamwambia ampigie mamake. Yule mama hakuwa na habari za kilomita. Alisema kutoka gari linaposimama mpaka mtini na kurudi, ukiwa umeinjika maharagwe, unakuta bado magumu. Mpaka kilimani na kurudi, yameiva na yameanza kushika chini.

"Yaliyolowekwa au yasiyolowekwa?" akauliza mke wangu kutoka jikoni.

Ikabidi apigiwe tena. Yasiyolowekwa.

Mke wangu akainjika maharagwe kwenye jiko la makaa, nami nikakaa na saa. Yalichukua saa mbili na dakika arubaini. Siku ya pili nikarudia na maharagwe mengine, yakachukua saa mbili na nusu. Kwa hiyo kilima kilikuwa saa mbili na nusu na ushei. Mti, chini ya saa moja.

Hapo ndipo nilipokwama. Nikichagua mti, Mama atashinda kirahisi, arudi mwambani na kibali changu mkononi, na siku moja maji yamkute mbali na goti lake. Nikichagua kilima, huenda akashindwa, lakini atashindwa kwa kuumia, na mwenye kumuumiza nitakuwa mimi. Nilikuwa nikilichora hilo nyuma ya risiti mke wangu aliponikuta.

"Unampangia mamako matembezi au mtego?"

"Nachagua njia."

"Umechagua mara ngapi tangu asubuhi?"

"Mbili."

"Chagua ya mti. Watoto wanataka kutembea, na mimi nataka kutembea nirudi na miguu yangu. Ugomvi wenu kaumalizeni baharini kwenu."

Nikachagua mti. Ningependa kusema ni kwa wema, na nusu yake ilikuwa wema. Nusu nyingine ilikuwa maji ya kunywa: kwa kilima tungehitaji lita kumi na nane, na mtu wa kuzibeba.

Viatu vilikuwa mapatano ya pekee. Nilimpelekea Mama Msambweni buti za kupandia milima, ngozi safi, soli nene, nambari thelathini na nane, kiatu ambacho ningekiuza elfu mbili bila kutoa jasho. Akakipima uzito kwa mkono mmoja.

"Unataka nibebe jiwe kwenda kwenye mawe?"

Yeye alitaka kuvaa viatu vyake vya plastiki vya mwambani. Mpangaji alikuwa ameshanionya kwamba jiwe lile likipata jua plastiki hulainika kama ubani. Tukakutana katikati: raba za kitambaa zenye soli ya mpira. Nikasema namzawadia. Akakataa, akafungua fundo la leso, akanihesabia mia mbili.

"Mama, mimi ni mwanao."

"Ndiyo maana nalipa. Usije ukasema nilitembea kwa msaada wako."

Kiatu chenyewe kilikuwa cha mia tatu na hamsini. Nilijaribu mia tatu, kwa mazoea tu. Sikuambulia kitu.

Tuliondoka Jumanne alfajiri, na alasiri tukawa tumefika kwa mamake mpangaji, na nazi thelathini na kifurushi cha tende. Wale wanawake wawili walipendana saa ile ile. Mwenyeji alimwuliza Mama siku zake anazipitisha vipi siku hizi, na Mama akasema, "Nashuka mwambani," akinitazama mimi.

Asubuhi ya Jumatano jua lilikuwa halijapata nguvu gari liliposimama. Nimeishi maisha yangu yote kando ya bahari na sijawahi kuona ardhi iliyojinunia namna ile. Mawe meusi mpaka macho yalipokoma, yamejikunja na kupasuka kama gamba la ugali uliosahauliwa motoni, na katikati ya nyufa vinyasi vya kahawia vilivyokauka. Hakuna kivuli. Ndege mmoja alilia, akakata tamaa. Binti yangu mdogo, wa miaka sita, akauliza ni nani aliyechoma.

Mama alijifunga leso kiunoni, akaweka fimbo mbele, akagonga jiwe la kwanza, akasikiliza, akalikanyaga. Akagonga la pili. Alitembea vile vile anavyotembea nyumbani: mguu hauendi mpaka fimbo imekwisha kuuliza.

"Pitieni nilipopita," akawaambia wajukuu. "Gongeni kwanza. Likilia tupu, liacheni, chini hakuna kitu."

"Mama, mimi nimezaliwa hapa," akasema mpangaji, na hapo hapo jiwe likageuka chini ya kiatu chake akakaa chini kwa nguvu.

"Basi umekuwa ukiteleza tangu uzaliwe."

Mke wangu alicheka mpaka akatafuta mti wa kushika, na kwa kuwa mti tulikuwa hatujaufikia, akanishika mimi. Nami nilikuwa nimeshachana suruali gotini. Kila mtu pale alikuwa na jambo la kusema kuhusu goti langu, nami nikayapokea yote, kwa kuwa la Mama lilikuwa halitajwi.

Mtini tulifika baada ya dakika ishirini na sita. Tukatandika leso, tukala mahamri na mayai ya kuchemsha, tukanywa chai ya chupa. Kulikuwa kuzuri, nakiri. Upepo ulikuwa mkavu, hauna chumvi, na watoto walikuwa wametulia kwa mara ya kwanza tangu shule zifungwe. Nikaona ni wakati mwafaka wa kufunga hesabu.

"Haya, Mama. Tumefika, hongera. Tukirudi garini umeshinda."

Mama alikuwa anamenya yai. "Tumefika wapi?"

"Mwisho."

"Kidole changu hakikuishia hapa."

"Kiliishia mtini."

"Kiliishia kwenye kilima. Muulize huyu, simu ni yake."

Mpangaji akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

"Mama," nikasema, "nakupa ushindi kwa nusu ya njia. Nani anakataa bei kama hiyo?"

"Ushindi wa nusu utaniletea maneno ya nusu. Kila bamvua utaniambia, ulikuwa mti tu." Akala yai lake lote, akajifuta mikono. "Nataka nikishuka mwambani, unyamaze kwa moyo."

Mke wangu na mdogo wakabaki chini ya mti. Sisi wanne tukaenda, na maji yaliyobaki, lita sita na nusu, mgongoni kwangu.

Mama alisimama mara ya kwanza kufunga leso vizuri. Mara ya pili alitaka kujua jina la kijimti fulani. Mara ya tatu alimwuliza mpangaji mamake ana mbuzi wangapi, na akamtaka awataje kwa rangi. Mara ya nne tulikuwa tumeshafika kilimani, juu kabisa, kwenye ukingo wa shimo ulikotokea ule moto wa zamani. Ndani yake mlikuwa na majani makavu na mawe yaliyoporomoka, kimya. Mama akalitazama kwa muda mrefu.

"Pweza angepapenda hapa," akasema. "Alhamdulillahi."

Binti yangu alikuwa akihesabu hatua tangu garini. Sijui tabia hiyo ameirithi kwa nani. Akatangaza elfu nne na mia mbili na themanini. Nilikuwa na elfu nne na mia tatu na kumi. Tukakubaliana kuwa miguu yangu ndiyo iliyokosea.

Kurudi, Mama alisimama mara saba. Leso tena, mara mbili. Jiwe kwenye raba, ambalo sikuliona likitoka. Kunywa maji. Kumwonyesha mjukuu mjusi, ambaye mjukuu hakumwona. Mara ya sita alisema anatazama nyuma kuona tulikotoka. Mara ya saba hakutoa sababu. Niliwaacha wale wawili watangulie, nikamsogelea, nikaona mkono wake wa kulia umeingia chini ya leso umelikamata goti, umelikaba kama mtu anavyomkaba pweza asirudi shimoni. Alikuwa ameng'ata mdomo. Kisha akaniona.

"Unatazama nini?"

"Naangalia njia."

"Njia iko mbele."

Sikumpa mkono. Sharti lilikuwa hivyo, na nilijua angeukataa. Nilisimama kando yake tu, na chupa ya maji mkononi, nikasoma upande wa pili wa uwanda kama mtu anayesubiri chenji. Baadaye fimbo ikagonga, mguu ukafuata. Mtini tukamchukua mke wangu na mdogo, na garini tulifika Mama akiwa mbele, peke yake, leso imekaa sawasawa. Akaingia, akafunga mlango mwenyewe.

"Haya," akasema. "Nani alisema nini?"

Hakuna aliyesema. Tuliporudi pwani aliimba kidogo njiani, akalala, akaamka akauliza tumefika wapi, akalala tena. Mke wangu ananiambia hajawahi kuniona nimetulia vile ndani ya gari la kukodi, na ni kweli. Nilifurahi. Nilikuwa nimelipa kumwona mama yangu akishinda, na bidhaa ilifika kamili.

Ila jana amepiga simu. Bamvua inaanza Ijumaa. Goti hajalitaja, nami sijalitaja, kwa kuwa nilitoa ahadi mbele ya mashahidi na huku Bongwe mtu akivunja ahadi husikika. Kuhusu kusimama, hata hivyo, hatukuweka sharti lolote, wala yeye wala mimi. Mara kumi na moja. Binti yangu amenithibitishia bila kujua kwa nini naulizia. Mwambani maji yakigeuka hayampi mtu nafasi ya kufunga leso mara kumi na moja. Nimefikiria kufunga banda langu siku nne za bamvua nishuke naye, lakini atajua ni kwa nini, na mimi mwambani ni mzigo, suruali yangu ni shahidi.

Basi nawaomba nyinyi mlio na mama kama wangu, hasa wale ambao mama zao wako huko nje bahari ikipwa, mniambie kabla ya Ijumaa: mtu aliyeapa kutolitaja goti, je, anaruhusiwa kuzitaja zile mara kumi na moja?